Jogoo Aliyepiga Chafya

Watu wa hapa kwetu Kaplong husema nina maringo. Ati Drusilla ukimwita njiani haitiki, anapita kama hakusikii, mpaka umwite mara ya pili na ya tatu ndipo ageuze shingo. Wengine wamenipeleka mpaka kwa mchungaji. Waseme. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimezika mume, nimemsomesha binti yangu Lynn peke yangu mpaka chuo, na majani yangu ya chai hayajawahi kukataliwa kituoni hata siku moja. Maringo ningekuwa nayo mngeyaona mapema. Siitiki mara ya kwanza kwa sababu ninaogopa, na leo nitasema ninachoogopa, maana hii hadithi inazunguka huko sokoni imeshakatwa miguu na kuongezwa mkia.

Ilianza siku ya Alhamisi, siku ya kawaida kabisa. Tulipeleka majani kituoni, lori likachelewa kama ilivyo desturi yake, nikarudi nyumbani saa tisa na kikapu kitupu mgongoni. Mume wangu alipofariki nilirudi kwetu, na boma letu ni moja. Nyumba yangu iko juu karibu na barabara. Ya mdogo wangu Kipkirui na mkewe Chemutai iko katikati. Ya mama yetu iko chini, pale chai inapoanza kuteremkia mto. Mama tunamwita Kogo, yaani nyanya, sisi sote, hata sisi aliotuzaa mwenyewe.

Nilimkuta Kipkirui jikoni kwake amepiga magoti karibu na jiko, mwanamume mzima, macho yamejaa machozi. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni kifaranga.

Lazima niwaeleze ugonjwa wa huyu ndugu yangu. Wenzake wanafuga kuku wa mayai au wa nyama. Yeye alifuga majogoo wa kuwika. Si kuwika huku kwa kawaida, kwa sekunde tatu kuku akaendelea na shughuli zake. Hawa asili yao ni Uturuki, weusi, macho yamezungukwa na weusi kama yamepakwa wanja, na wakianza kuwika wanaenda sekunde kumi na tano, ishirini, wamejikunja mgongo, shingo imenyooka, mpaka mwishoni wanapepesuka kama walevi kwa kuishiwa na pumzi. Wenye wazimu huo wako wengi kuliko mnavyodhani. Wana grupu yao ya WhatsApp, wanatumiana sauti, simu ikihesabu sekunde. Jogoo bora wa grupu alikuwa wa Kuria, mfanyabiashara wa vyakula vya mifugo huko Londiani, sekunde thelathini na nane. Kuria ndiye aliyempa Kipkirui mayai sita, na Kipkirui akayaweka chini ya kuku wetu wa kienyeji aliyekuwa anaatamia.

Matano yaliangua vizuri. La sita lilitoboka kidogo likanyamaza. Siku ya ishirini na mbili Kipkirui hakuvumilia, akalipasua ganda kwa kucha, akatoa kitu cheusi, kimelowa, kichwa kimeanguka upande. Ndicho hicho kilicholala juu ya gunia karibu na jiko.

"Hapumui," akaniambia.

"Si basi umtupie paka," nikasema.

Chemutai akacheka. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, tumbo halijaonekana, baada ya miaka saba ya kungoja na kusemwa. Siku hizo alikuwa anacheka hata na sufuria. Nami nikataka kumchekesha zaidi, na hapo ndipo nilipokosea.

Sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa hatumwokotei jina barabarani. Mama wazee hukaa naye wakaita majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na ugoro kidogo karibu na pua. Jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Kanisani tunabatiza, ndiyo, lakini chafya kwanza. Sasa mimi nikachukua kile kifaranga kwenye kiganja, nikasema, "Huyu hajaitwa ndiyo maana hataki kuja." Kikopo cha ugoro cha Kogo kilikuwa dirishani. Nikachota chembe, nikaanza kuita, kwa sauti ile ile ya mama wazee. Nikamwita babu. Nikamwita mdogo wake babu aliyekuwa mlevi. Nikamwita shangazi mmoja aliyekuwa na mdomo mchafu. Chemutai amejishika mbavu kwa kicheko. Kifaranga kimya.

"Usimwite Baba," Chemutai akasema, bado anacheka. Akajigusa tumbo. "Huyo ni wa huku."

Nilisikia. Sitawadanganya kwamba sikusikia. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshashika mwendo, na Baba alikuwa anafuata kwenye mstari. Nikamwita. "Arap Mibei."

Kifaranga kikapiga chafya.

Chafya ndogo, ya kitu kidogo. Kisha kikafungua jicho moja, kikanitazama. Kipkirui akashukuru Mungu kwa sauti. Chemutai hakucheka tena. Aliinuka akaenda nje, na siku hiyo hakula.

Nikajiambia kuku hupiga chafya, hasa ukimwekea ugoro puani. Ni kweli. Lakini lazima mjue Baba alikuwa nani. Baba alikuwa na pumzi. Kila siku saa nne asubuhi, akiwa kule mtoni kwenye mistari ya chini, alisimama akamwita Kogo alete chai. Alimwita mara moja tu, kwa pumzi moja, ndefu, ikapanda bonde lote, na watu wa mteremko wa pili wakawa wanaitumia badala ya saa. Kogo akaitika kutoka juu, "Nimesikia, nakuja," ndipo Baba anyamaze. Asipoitikiwa hakunyamaza. Kisha kifua kikamshika. Mwaka wake wa mwisho hakuweza hata kuzima kiberiti. Nilimlaza mimi, nikamgeuza mimi, na jambo la mwisho aliloniomba ni hili: "Drusilla, niazime pumzi." Nilimwambia nitamwazima. Mtu anayekufa utamwambia nini?

Miezi sita ikapita. Wale vifaranga watano wakawa kuku wa kawaida tu. Huyu wa sita akawa mrefu, mweusi mpaka miguu. Hakuwika. Wenzake walianza, yeye alisimama akawatazama, na Kipkirui akakata tamaa kwamba amefuga bubu.

Akawika kwa mara ya kwanza siku Chemutai alipojifungua. Nilikuwa bomani. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mtoto alikuwa wa kiume, kilo tatu na nusu, mzima. Kitu kimoja tu hakufanya. Hakulia. Wauguzi walisema wako watoto watulivu, mshukuruni Mungu. Siku ya tatu walipofika nyumbani, Kogo akamchukua mapajani, akafungua kikopo chake, akaanza kuita. Alianza na Baba, kwa uhakika kabisa, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake.

Mtoto kimya.

Akamwita tena. Akaenda kwa babu, kwa wengine, mpaka majina ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Ugoro ukaisha. Mtoto anamtazama tu. Kogo wakati huo alikuwa ameshakuwa kiziwi, ukitaka akusikie lazima umpigie kelele sikioni, kwa hiyo na yeye alisema kwa nguvu, chumba kizima kikasikia.

"Jina la huyu limeshachukuliwa."

Chemutai akanitazama. Nikatazama sakafu. Mtoto tukamwita Ryan, jina la kubatizwa, na la nyumbani likabaki wazi.

Wiki ya pili nilikuwa nimempakata Ryan kwenye benchi nje, mchana, jua zuri. Jogoo akaanza kuwika. Nikahisi mkono wangu umepungukiwa na kitu. Kile kifua kidogo kilichokuwa kinapanda na kushuka juu ya mkono wangu kilikuwa kimesimama. Nikamtazama. Macho wazi. Midomo wazi. Hapumui. Jogoo akamaliza, na mtoto akavuta pumzi, kubwa, kama aliyetolewa majini.

Nikasema ni gesi.

Baada ya nusu saa jogoo akawika tena. Kifua kikasimama tena. Safari hii nikahesabu. Nilifika ishirini na tisa.

Kipkirui akatokea nyuma ya nyumba ya kuku, simu mkononi, uso wote ni meno. "Ishirini na tisa," akasema. "Mama Lynn, ishirini na tisa."

Nilimwendea Chemutai jikoni. Sikujua nianze wapi. Alikuwa amesimama mgongo kwangu anaosha chupa. Akasema polepole, bila kugeuka, "Umeona."

"Nimeona."

"Mimi nimejua tangu Jumanne. Nilidhani nimechanganyikiwa akili." Akaisuuza chupa tena. "Anaongeza. Jumanne ilikuwa ishirini na nne."

Tukampeleka mtoto hospitali kule Longisa. Walimpima vizuri, moyo, mapafu, damu, kila kitu safi. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukingoja dawa ya matone ambayo hata haikuhusu, kilomita nyingi kutoka nyumbani, nami nimeanza kupumua. Huku hakuna jogoo. Ryan alikuwa begani mwa mama yake. Akaacha kupumua. Chemutai hakulia. Alinyoosha mkono akanishika goti, akalifinya mpaka akamaliza kuhesabu. Thelathini na sita.

Nikampigia Kipkirui simu hapo hapo. "Jogoo amewika saa ngapi mara ya mwisho?"

"Sasa hivi," akasema. "Simu bado iko mkononi. Thelathini na sita, mama. Zimebaki mbili tu tumfikie Kuria."

Niliogopa hofu ambayo sijawahi kuijua, hata siku niliyoletewa habari za mume wangu. Kwa sababu msiba ule ulikuwa umefika na kuondoka. Huu ulikuwa unahesabu.

Kipkirui hakuamini. Alisema sisi wanawake tumekaa na ushirikina na kanisani tunaimba bure. Sikubishana. Nilimwekea mtoto mikononi, nikamwambia, "Kaa hapa. Weka mkono wako kifuani mwake. Hesabu na wewe, si kazi yako ni kuhesabu?" Akakaa. Jogoo akawika. Niliutazama uso wa ndugu yangu ukizeeka. Alifika arobaini na mbili. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi, kama ya mtu aliyekula zambarau. Jogoo aliponyamaza na Ryan akavuta ile pumzi, Kipkirui alimrudisha kwa mama yake, akaingia ndani, akatoka na kisu.

Chemutai akamzuia mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Ukimchinja akiwa ameshika pumzi ya mtoto, itarudi vipi?"

Tukateremka kwa Kogo.

Alikuwa ameketi barazani kwake akitazama mto. Huyu ni mama asiyesikia radi. Tulipofika, jogoo akawika kule juu, na Kogo akainua kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza, kwa hasira kidogo, "Mzee anaita siku nyingi. Kwa nini hamumwitikii?"

Nilipiga magoti nikamwambia kila kitu sikioni, kifaranga, ugoro, kicheko. Nilitarajia anichape.

"Hana ubaya," akasema. "Ameishiwa tu. Alikufa akitafuta pumzi, na wewe umemwita ukampa mahali pa kuitia. Mchinjeni huyo ndege. Lakini msimguse akiwa anaita. Ngojeni anyamaze kabisa."

"Na yeye hanyamazi, Kogo," Kipkirui akasema. "Ukimkaribia tu anaanza. Jana nilipotaka kumshika alianza."

"Kuku hawiki kwenye mvua," Kogo akasema.

Hiyo ni kweli, na mvua ya kwetu mnaijua. Saa nane mchana inafika, kama mwajiriwa. Tukakubaliana kesho yake, Jumamosi, mvua ikianza kumwagika, mimi nitaingia nyumba ya kuku na kisu. Mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeita.

Jumamosi kulikucha jua kali. Saa tano hakuna hata wingu. Nilikuwa nimesimama uani, kisu kimefungwa kwenye lesso, nikitazama mbingu upande wa Sotik kama mtu anayengoja mgeni. Mgeni akaja kweli. Lango likafunguliwa, akaingia Kuria wa Londiani, kofia mkononi, anacheka. Katika ile hofu Kipkirui alikuwa amesahau kwamba wiki mbili nyuma alimwalika aje kumshuhudia jogoo.

"Arap," Kuria akamwambia Kipkirui, "nimetoka asubuhi saa kumi na moja kwa hii jogoo yako. Iko wapi?"

"Anaumwa," Kipkirui akasema.

"Inaumwa na iko hapo imesimama inaniangalia?"

Jogoo alikuwa amesimama juu ya kigogo ndani ya wavu. Alikuwa ananitazama mimi, si Kuria. Kipkirui alimshika mgeni mkono amgeuze, amkaribishe chai, lakini Kuria ni mtu mchangamfu na hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. "Wacha niisikie mara moja tu," akasema. Akatoa kispika kidogo mfukoni, vile wanavyofanya wafugaji wa hawa kuku wakitaka jogoo achokozeke. Ana sauti ya jogoo wake mwenyewe mle ndani. Akabonyeza.

Wetu akajikunja mgongo. Akajibu.

Ndani ya nyumba nilimsikia Chemutai akianza kuhesabu. Alikuwa anahesabu kwa sauti ili tusikie.

Kumi.

Ishirini.

Kuria alikuwa ameinua simu anarekodi, anatikisa kichwa kwa furaha. Thelathini. Nikaingia ndani ya wavu. Thelathini na nane, na Kuria akacheka peke yake. Arobaini na tano. Jogoo hakukimbia. Nilimshika shingo, nikaisikia ile sauti ikipita kwenye vidole vyangu, na haikuwa inatetemeka kama ya kuku. Ilikuwa imenyooka. Niliijua. Nimeisikia kila saa nne ya utoto wangu.

Hamsini.

Kuria akaacha kutabasamu.

"Kata," Kipkirui akasema. "Kata, Drusilla."

"Usimguse," Chemutai akalia kutoka ndani. "Pumzi iko kwake. Hamsini na tatu. Usimguse. Amekuwa mweusi. Hamsini na nne."

Kisu kiko shingoni. Siwezi kukata. Siwezi kuacha. Hamsini na sita.

Kisha nikamwona Kogo. Alikuwa anapanda kutoka kwake, bila fimbo, yule ambaye tunamshika mkono kwenda chooni. Alisimama katikati ya uwanja. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Akaitika, kwa Kikipsigis, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana, ile sauti ya mke kijana aliyeachiwa jiko na watoto na bado anaitwa.

"Nimesikia, Arap Mibei. Nimesikia. Nakuja na chai."

Kimya.

Jogoo akalegea mkononi mwangu, akaanguka upande, jicho moja wazi. Nikakata. Damu ilitoka kidogo sana, kijiko kimoja labda. Na mle ndani ya nyumba, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mtoto wa ndugu yangu akalia. Alilia kwa hasira, alilia vizuri, na sisi wote tukalia naye, hata Kuria ambaye hakujua analilia nini.

Mvua ilikuja saa nane kamili, bila aibu.

Kogo aliomba chai. Nilimpelekea barazani kwake kwenye chupa, na akaniambia nilete vikombe viwili. Nikadhani kimoja ni changu. Nilipotaka kuketi akanishika mkono. Hakupiga kelele kama kawaida yake, alinong'ona, akawa ananitazama usoni.

"Nimemtuliza tu," akasema. "Aliyemwita si mimi."

Nilikwenda juu mara moja kumwona mtoto. Sikukaa robo saa. Niliporudi Kogo alikuwa bado ameketi, mikono mapajani, uso umeelekea mto, na alikuwa ameshakwenda. Hakuonekana kama mtu aliyeumia. Vikombe vyote viwili vilikuwa vimenywewa.

Tulimzika Alhamisi iliyofuata. Baada ya mazishi Kuria alinitumia ile sauti aliyorekodi. Aliandika pole nyingi, halafu akaongeza, "Mama Lynn, mimi Kikipsigis sijui. Huyo mzee anasema nini hapo mwisho?"

Pale uwanjani hakukuwa na mzee. Tulikuwepo Kipkirui, Kuria, Kogo na mimi. Nilikaa kitandani nikaisikiliza. Jogoo anawika. Chemutai anahesabu kwa mbali. Kogo anaitika. Kimya, kisha kisu. Mtoto analia. Na chini ya kilio cha mtoto, karibu sana na simu, kuna mwanamume mzee anayepumua. Anavuta pumzi vizuri, hana kikohozi. Halafu anasema neno moja. Si Kikipsigis wala Kiswahili. Ni jina langu.

Niliifuta. Kuria nikamwambia ni upepo. Tangu siku hiyo, ukiniita mara moja siitiki, maana kwetu tunajua mtu aliye hai ataita tena.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Ryan anakimbia, anaongea kupita kiasi, ananifuata kila mahali, na hatujajaribu tena kumwita jina. Kuku hatufugi, hata wa mayai. Nilianza kuamini kwamba yameisha.

Jumatatu wiki hii nilikuwa kwenye mistari ya chini karibu na mto, nachuma. Ilikuwa saa nne, jua zuri. Kutoka ng'ambo, pale pasipo na mtu, nikaitwa. Mara moja tu, kwa pumzi moja. Nikainamisha kichwa nikaendelea kuchuma, na vidole vikawa vinahesabu vyenyewe. Ishirini na moja. Sauti ilipokatika nilisikia kitu nyuma yangu, nikageuka. Ryan alikuwa amesimama kati ya mistari, macho wazi, anavuta pumzi kama aliyetolewa majini.

Jumanne, ishirini na saba. Jana, thelathini na tano. Chemutai hajaniuliza, lakini asubuhi hii nilimwona amemshika mtoto kifuani na midomo inahesabu.

Sasa ni saa tatu na nusu. Nimemaliza kusema, na nyinyi mliokuwa mnasema nina maringo mmesikia. Chai nimeshatia kwenye chupa. Vikombe nimechukua viwili.